Milimita Moja

Otari, muuza vioo pale Daraja Kavu, Tbilisi,
aliigeuzageuza lenzi ya baba kwenye jua la Machi
kama mtu anayekagua yai.
"Helios. Hamsini na nane. Ukungu kidogo pembeni,
mafuta ya pete yameganda. Kamera yako ipi?"
Nikamwonyesha Nikon yangu ya plastiki,
ya mkopo ambao bado sijaumaliza.
Akaguna.
"Adapta ninayo, lari kumi na tano.
Itaingia. Lakini kuingia si kuona."

Sikumwelewa. Nikalipa.

Nyumbani Stepantsminda, juu ya meza ya mama,
skrubu ilizunguka mara moja, mara mbili, ikakaza,
chuma cha zamani kikashikana na plastiki ya juzi,
na kamera ikaandika kwenye kiwambo chake:
hakuna lenzi.
Uzito wote ule mkononi mwangu,
nayo inasema hakuna.
Asiyekuwepo na lake halipo;
kumbe hata mashine imelijua hilo.

Basi nikaiweka kwenye herufi M, nikakadiria mwanga kwa macho
kama alivyofanya yeye, aliyeuonja mwanga
kama mpishi aonjavyo mchuzi.
Nikasogeza swichi ndogo ubavuni ili tundu litii,
nikaizungusha pete hadi kwenye ile nane iliyolala ubavu,
alama ya mbali kusiko na mwisho,
nikaulenga mlima.

Kazbegi ukawa unga uliomwagika.
Nikazungusha tena. Pete imegota.
Kanisa la Gergeti ni doa.
Ng'ombe wa jirani ni doa lenye mkia.

Nikampigia Otari simu. Alikuwa anakula.
"Milimita moja," akasema, akitafuna.
"Lenzi yako ilizoea kukaa karibu na filamu.
Nikon ina kifua kinene, inaisukuma mbele
milimita moja na ushee,
na milimita hiyo ndiyo iliyobeba mbali kote.
Tafuta Canon iliyochoka; kifua chake chembamba,
adapta itajaza pengo.
Au ipo adapta yenye kioo ndani,
lakini hiyo ni kumvisha miwani mtu mwenye macho yake."
"Na hii niliyonayo?"
"Itaona hatua tatu, nne. Meza. Paka."

Baba aliendesha greda la theluji kwenye njia ya Jvari
miaka thelathini na mmoja, na kila alfajiri isiyo na mawingu
aliupiga picha mlima. Tuna albamu tisa.
Mlima wa waridi, mlima wa buluu, mlima wenye kofia,
mlima siku niliyozaliwa.
Katika zote tisa mama ni kiwiko kimoja,
pembeni, kinaanika shuka.

Mama alikuwa anafinya khinkali, vidole vimejaa unga.
Hatua mbili.
Nikairudisha pete taratibu,
na kutoka kwenye ukungu zikaja kwanza kope,
kisha kovu la tetekuwanga juu ya nyusi
(miaka arobaini na mimi sijawahi kuliona),
kisha unywele mmoja mweupe uliokwepa kitambaa;
na nyuma yake dirisha lote, pamoja na mlima wake,
likayeyuka, likawa miduara ya mwanga inayozunguka.

"Acha, sijavaa," akasema, bila kuacha kufinya.
Nikamwonyesha.
Akajifuta unga, akaishika kamera kwa mikono miwili,
akatazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Guram aliniambia lenzi hii haifai kwa watu."

Akanirudishia. Maji yalikuwa yamechemka.
Akatumbukiza khinkali ishirini na nne
ingawa tulikuwa wawili tu.

Ile Canon sijainunua.
Otari anapiga simu; namwambia wiki ijayo.